Mkonge wa Tanga unataka korona ya pili

Kila bei ya singa, yaani nyuzi za mkonge, inapopanda, Tanga husikia habari ileile: miche ya ruzuku, ekari mpya, lengo jipya. Lengo lililotangazwa kwa kishindo lilikuwa tani 120,000 ifikapo 2025. Ni mara chache mtu huuliza majani ya tani hizo yatapita kwenye korona ya nani, yaani mashine inayokwangua jani na kuacha nyuzi, ilhali hapo ndipo inapojulikana kama mkulima wa Korogwe au Muheza atapata faida au atageuka kibarua kwenye shamba lake mwenyewe.

Tulitazame jani lenyewe. Singa ni asilimia 3 hadi 4 tu ya uzito wake. Kinachobaki ni maji na nyama. Ili upate tani moja ya singa kavu unahitaji tani 25 hadi 33 za majani. Mzigo wa namna hiyo ukiubeba mbali, nauli imekula kila kitu. Kuungoja nako huwezi. Watu husema Tanga ni waja leo waondoka leo, na jani la mkonge linautii msemo huo kuliko wageni: limekatwa leo, liingie kwenye korona leo au kesho. Likipita saa 48 linasinyaa, utomvu unagandia nyuzi, singa inatoka na ukijani na maganda, na daraja linashuka.

Kwa hiyo soko la majani halipo. Kuna korona iliyo karibu, basi. Ikiwa ni moja, mwenye nayo ndiye anayepanga foleni, ada na kipimo, na kipimo ndicho chenye maumivu. Chukua tani 30 za majani. Yakitoa asilimia 4, ni kilo 1,200 za singa. Kitabu kikiandikwa asilimia 3, ni kilo 900. Hizo kilo 300 zinazidi robota zima la kilo 250, na mkulima hana namna ya kubisha, maana hakuwepo ngoma ya visu ya korona ilipokuwa ikizunguka. Pengine hakuna aliyeiba. Nafasi kati ya ngoma na kitako chake, bamba ambalo jani hukwanguliwa juu yake, ikibana mno, visu hukata nyuzi na singa ndefu hugeuka vumbi na vipande; ikiachia mno, nyama hubaki kwenye nyuzi. Fundi mzembe na karani mjanja humtia mkulima hasara ileile, na palipo na korona moja hakuna anayemfukuza yeyote kati yao.

Foleni nayo ina gharama isiyoandikwa popote. Majani ya chini hukauka shambani huku mmea ukiendelea kuhesabu. Mkonge wa kawaida ukishatoa majani yake 200 hadi 250, au chotara 11648 aliyezalishwa kwenye kituo cha utafiti cha Mlingano akifika karibu 600, mlingoti wa maua huchomoza na mmea hufa. Jani lililokosa zamu halirudi.

Watetezi wa Bodi ya Mkonge na vyama vya ushirika watasema bila mkono wa Serikali wenye mashine watawanyonya wakulima. Mkono huo tumeshauona. Mwaka 1964 nchi ilizalisha takriban tani 230,000. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 sehemu kubwa ya mashamba ilitaifishwa, na miaka ya 1990 tulikuwa tumebaki na kama tani 20,000. Haki isemwe: kamba za polipropilini, aina ya plastiki, zilitupiga pia, na bei ilikuwa imeanza kushuka kabla ya Azimio. Lakini polipropilini iliwapiga Wakenya vilevile, nao hawakuporomoka kiasi hiki. Shamba la mkonge husubiri karibu miaka mitatu kabla ya kukatwa mara ya kwanza, kisha huhitaji mtu wa kupanda upya kabla milingoti haijaanza kujaa. Meneja aliyeteuliwa, anayeweza kuhamishwa mwakani, atapandia nani?

(Kwenye polipropilini kuna kichekesho. Mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, wengi walitabiri kwamba mkonge umepata soko. Mifuko mbadala iliyojaa Ngamiani, mjini Tanga, ile laini kama kitambaa, ni polipropilini. Marufuku ilihamisha wateja, ila si kuja kwetu.)

Serikali ikinunua korona na kuikabidhi chama cha ushirika, mashine inaongezeka kweli. Lakini kama mkulima analazimika kupitia chama hicho tu, na makato yanatoka kabla hajaona shilingi, tumembadilishia bwana. Kinachosaidia ni kutenganisha kazi mbili. Korona itoze ada ya kuchakata kwa tani ya singa, kama mashine ya kusaga inavyotoza kwa debe. Singa ibaki mali ya mkulima, aiuze kwa chama, kwa kampuni au kwa dalali atakaye. Wakala wa Vipimo akague mizani. Bodi ipange madaraja, maana mnunuzi wa nje anataka kujua daraja la UG ni UG kweli, na iache kupanga nani amuuzie nani.

Korona ya pili itatoka wapi? Kwa mtu mwenye mtaji ambaye leo anaangalia orodha ya vibali na kurudi nyumbani: leseni ya bodi, cheti cha NEMC, baraza la mazingira, kibali cha maji cha Bonde la Pangani, kisha ushuru wa mazao wa halmashauri. Kibali cha maji nakitetea, kwani korona hutumia takriban mita za ujazo 100 kwa kila tani ya singa, na uchafu wake ukiingia mtoni huua samaki. Hivyo vingine vingeweza kutolewa dirisha moja, kwa muda uliotajwa.

Zipo pia raspado, mashine ndogo za kukwangua majani zinazolishwa kwa mkono, wanazotumia Wabrazili. Ni rahisi kununua na husogezwa hadi shambani. Singa yake haifikii ya korona, na zimekata mikono ya watu wengi huko Brazil. Asiyeweka kinga ya mdomo wa mashine asiruhusiwe kuiwasha. Hata hivyo, raspado moja kilomita tatu kutoka kwenye korona ya chama ingetosha kumfanya karani aandike asilimia halisi.