Jeli ya kutunza maji: ya chungu sawa, ya bustani hapana

Chembechembe za jeli, zinazochanganywa na udongo wa mimea ili zitunze maji, huuzwa kwa sifa moja: zinanyonya maji mara mamia ya uzito wake. Ni kweli, ila kwa maji yasiyo na chumvi, kama ya mvua. Maji yenye chokaa au mbolea iliyoyeyuka huipunguza nguvu mno, kwa kuwa kalsiamu na magnesiamu huzibana nyuzi za jeli zisitanuke. Anayebisha atie nusu kijiko cha chai cha chembe kavu kwenye bilauri ya maji ya mvua, na nusu nyingine kwenye bilauri ya maji ya mbolea. Baada ya saa chache, ya kwanza imejaa vipande vinono ving'avu. Ya pili maji bado yanaelea juu.

Sasa tupige hesabu ya chungu cha lita 10. Kipimo cha kawaida ni gramu 1 kwa kila lita ya udongo, yaani gramu 10, kama vijiko viwili vya chai. Kwa maji ya bomba utapata akiba ya lita moja hivi, tena chini ya uzito wa udongo hupungua. Mchanganyiko wenye mboji nzuri peke yake hushika lita kadhaa. Kwa hiyo jeli ina maana kwenye vyungu vidogo na vikapu vya kuning'inia, vile vinavyokauka kabla ya jioni. Kwenye tuta la bustani, fedha hiyo nunulia mboji na matandazo. Udongo wa mfinyanzi hauihitaji kabisa.

Ukiitumia, iloweke kwanza hadi ivimbe, kisha ichanganye vizuri na udongo wote wa eneo la mizizi, ukiacha sentimita 5 za juu bila jeli, maana jua huivunjavunja. Usiitandaze kama tabaka chini ya chungu: mizizi itakaa kwenye utelezi usio na hewa, ioze. Wala usiongeze kipimo "kwa usalama". Chembe kavu nyingi kwenye chungu kilichojaa hadi ukingoni zikinywa maji, udongo huumuka na mche hung'oka. Mimea ya jangwani kama kakti usiiwekee.

Soma pia lebo. Chagua jeli ya potasiamu. Ile ya kwenye nepi ni ya sodiamu, na sodiamu hudhuru mimea na udongo. Aina nyingine, ya poliakrilamidi, huweza kuwa na mabaki kidogo ya akrilamidi, ambayo ni sumu ya neva. Kwangu mimi hiyo haifai kwenye mboga.

Chembe za jeli zikimwagika sakafuni, zifagie zikiwa kavu. Ukianza na deki zitavimba, na hapo utahangaika kukwangua ute unaoteleza.