Kila Pua Darajani Imevaa Italia

Pita Darajani, hapa Unguja, saa sita mchana utazame nyuso. Utingo wa daladala kavaa miwani ya jua ya Ray-Ban, mbeba ndizi kavaa Gucci, muuza vocha kavaa Prada. Jamani, mji huu una utajiri ambao serikali haijaambiwa! Na zote zimetoka ubao mmoja, kwa bwana mmoja, aliyezipanga karibu karibu hata majina yanapigana vikumbo. "Orijino shekhe, ya Italia hii, wallahi." Kwani nani kauliza? Mtu hajanyoosha hata mkono, kishaapiwa.

Tatizo letu tunatazama jina, na jina ndicho kitu chepesi kuliko vyote kuigiza. Zamani ulikuwa ukikuta Ray-Ben unacheka unakwenda zako. Siku hizi waigaji wamekwenda skuli, wanaandika sawasawa. Kwa hiyo jina liache. Geuza mkono wa kushoto wa miwani, usome kwa ndani.

Kwenye Ray-Ban pale pana namba ya muundo, namba ya rangi na vipimo. RB3025 ni Aviator, ile ya waya mwembamba yenye vioo vya umbo la tone. RB2140 ni Wayfarer, ya plastiki nene. Sasa utaikuta RB3025 imeandikwa juu ya plastiki nene, mchana kweupe, na muuzaji hana hata wasiwasi. Hiyo ni kadi ya Vespa kufungwa shingoni mwa punda. Kisha tazama vipimo, tuseme 58 na 14, katikati kijisanduku kidogo. 58 ni upana wa kioo kimoja kwa milimita, 14 ni nafasi ya puani. Rula ya mtoto wa skuli inatosha. Ukipima ukapata 52, mkono umekudanganya. Waigaji wengine wana mhuri mmoja tu, wanagonga 58 na 14 kila fremu, hata ya kitoto.

Halafu bawaba. Hapa ndipo feki nyingi zinapovuliwa nguo, maana bawaba nzuri ina gharama na haionekani kwenye picha. Wayfarer ya kweli ya RB2140 ina bawaba ya chuma yenye meno 7 yanayoingiana, mkono unafunguka kwa uzito na haulegi. Ukikuta bawaba ya plastiki, au ya meno mawili matatu yaliyogandishwa kwa gundi, miwani itakuwa inakupigia kofi la shavu kila ukiinama kuvaa viatu. Hapo hapo pitisha ukucha kwenye kingo za fremu. Wayfarer hiyo hukatwa kwenye bamba la asetati, plastiki ngumu, kisha ikang'arishwa, haina mshono. Iliyomiminwa kwenye kalibu huwa na kijimstari chembamba kinachozunguka, na waigaji hawana muda wa kukisugua.

Kioo nacho kina siri yake. Pembeni, karibu na bawaba, pana RB ndogo mno iliyochongwa. Ielekeze kwenye mwanga uione, kisha ipitishie ukucha, utakwama kidogo. Ikifutika kwa kitambaa, au ikisomeka na mtu aliye ng'ambo ya barabara, irudishe ubaoni. Ukiuliza sana utaambiwa, "Hizi za zamani shekhe, za Marekani." Haya. Ni kweli Bausch & Lomb wa Marekani ndio waliokuwa na Ray-Ban mpaka 1999 walipowauzia Luxottica wa Italia. Lakini alama yao ya kioo ilikuwa BL. Basi hii ya babu yenye RB na Italia mkononi, babu aliipata wapi?

Muuzaji akibanwa kabisa anatoa kikadi. Kwa macho matupu ni rangi tupu, ukivaa miwani anatokea samaki, na watu wazima na ndevu zao wanapiga ukelele! Samaki yule anathibitisha jambo moja tu, kwamba kioo ni polaraizi, kinakata mng'ao unaoruka juu ya maji. Miwani ya Mchina ya elfu kumi inaweza kuwa polaraizi, na Aviator ya kweli ya kioo cha kawaida cha G-15, kile cha kijani, isiwe. Ray-Ban za polaraizi huandikwa herufi P baada ya jina pale kiooni. Ukitaka kujaribu muache samaki apumzike: nenda Forodhani, tazama bahari, laza kichwa ubavuni. Mng'ao ukibadilika, ni polaraizi.

Hayo yote ni ya mfuko. La macho ni jengine. Mboni hutanuka penye giza, na kioo cheusi kisichozuia mionzi ya UV, ile mikali ya jua, huitanua mboni halafu kikapitisha mionzi ndani, tena kwenye mchanga mweupe wa Paje unaoirudisha kutoka chini. UV400 maana yake kioo kinazuia mionzi hiyo mpaka mawimbi ya nanomita 400, yaani yote, lakini kibandiko chake hata mimi na wewe tunaweza kukichapisha. Mwenye duka jirani ana taa ya kukagulia noti. Muombe. Noti ikiwa inawaka alama zake, ingiza kioo baina yake na taa. Alama zikizimika, kioo kinafanya kazi. Zikiendelea kuwaka, hata bure usichukue. Na tuseme kweli, feki nyingi zinafaulu hapa, maana plastiki ya polikaboneti yenyewe huzuia mionzi hiyo. Elfu kumi kwa miwani hiyo ni halali yake. Kinachokera ni kutozwa laki na nusu kwa ajili ya herufi.

Boksi na kijitabu usivishughulikie, vinaigwa vizuri kuliko miwani yenyewe. Sikiliza bei. Laki na nusu. Unasema ahsante, unaondoka: hatua ya kwanza themanini, ya pili arobaini, ukifika kwa muuza pweza ni kumi na tano na kitambaa juu. Italia gani inauza hivi, yakhe? Na ukikata kona ya Mkunazini unamsikia nyuma yako: "Shekhe, basi mbili kwa ishirini, moja umpelekee shemeji yetu!"