Maji ya Fargo yalale shamba la nani?

Mto Red hutiririka kutoka kusini kwenda kaskazini, na sehemu kubwa ya balaa lake inaanzia hapo. Unatenganisha majimbo ya North Dakota na Minnesota huko Marekani, unavuka mpaka wa Kanada, unapita mjini Winnipeg na kumwaga maji yake Ziwa Winnipeg. Majira ya baridi yanapokaribia kwisha, kusini hupata joto kwanza. Theluji ya huko inayeyuka na maji yanashuka kuelekea upande ambao mto bado umeganda. Yakikuta barafu, yanatafuta njia ya pembeni, na pembeni hakuna kilima wala korongo. Nyanda zile ni sakafu ya Agassiz, ziwa la kale lililotokana na kuyeyuka kwa barafu kuu. Udongo ni mfinyanzi, na ardhi ni tambarare kiasi kwamba mto unashuka chini ya futi moja kwa kila maili. Ukishapita kingo zake, maji hutambaa kilomita kadhaa mashambani.

Kina cha theluji peke yake hakitoshi kumtisha mtu wa Fargo, mji wa North Dakota ulio kando ya mto huo. Cha kuangalia ni maji yaliyomo ndani ya theluji hiyo, udongo uliganda ukiwa mkavu au umelowa mvua za vuli, na kuyeyuka kwenyewe kutakwendaje. Mchana ukiwa na joto kidogo na usiku ukaganda tena, maji hutoka kidogo kidogo. Joto la ghafla likiambatana na mvua, kazi ipo.

Mwaka 1997 Idara ya Hali ya Hewa ya Marekani ilitabiri mto ungefika futi 49 pale Grand Forks. Ukapita futi 54. Mji wa watu wapatao 50,000 ukahamwa karibu wote, na huku mitaa imejaa maji, moto ukateketeza majengo 11 katikati ya mji. Fargo, ulio kusini zaidi, ulionja zamu yake tarehe 28 Machi 2009: futi 40.84, rekodi ambayo haijavunjwa. Wakazi na wanafunzi walijaza mamilioni ya mifuko ya mchanga. Halafu baridi ikarudi ikaigandisha. Mfuko ulioganda haulali vizuri juu ya mwenzake, unaacha mianya. Ila baridi hiyohiyo ndiyo iliyozuia theluji iliyobaki isiyeyuke kwa pupa. Kwa maneno mengine, mji uliponea kwenye bahati, na hakuna meya anayeweza kupanga bajeti ya bahati.

Kutokana na hofu hiyo ukazaliwa mradi wa zaidi ya dola bilioni 3: mfereji wa maili 30, takriban kilomita 48, wa kuzungusha maji upande wa magharibi wa mji, pamoja na tuta kubwa lenye milango upande wa kusini. Mafuriko yakiwa makubwa, milango inashushwa na maji yanarundikana nyuma ya tuta, juu ya mashamba ya watu. Ugomvi wote uko hapo.

Wakulima wa kaunti za Richland na Wilkin, kusini mwa Fargo, walikwenda mahakamani. Hoja yao si nyepesi: baadhi ya ardhi itakayokingwa ilikuwa bado haijajengwa, ni mabonde ambayo tangu zamani yalipokea maji ya mto. Fargo ipate viwanja vipya, wao wapate ziwa? Mkuki kwa nguruwe. Minnesota nayo ilinyima kibali mwaka 2016, na mwaka uliofuata jaji wa shirikisho akasimamisha ujenzi. Michoro ikabadilishwa, mji ukakubali kupitisha maji mengi zaidi katikati yake, kibali kikatoka Desemba 2018. Hata makaburi ya vijijini yalilazimika kuingizwa kwenye hesabu za fidia.

Wakulima walipendekeza pia maji yazuiwe kidogo kidogo katika bonde zima, kwa madimbwi na ardhi oevu. Wazo ni zuri, nami nalipenda, lakini linahitaji ridhaa ya mamia ya wenye ardhi, na mwaka theluji ikija na kila kitu, madimbwi hujaa mapema. Kuongeza kimo cha matuta ya mjini nako kuna hatari yake: tuta refu likipasuka, halitoi muda wa kukimbia. Na Fargo si mji wa wenye mali tu. Wamo wakimbizi wengi, zikiwemo familia za Kikongo zinazozungumza Kiswahili.

Winnipeg walishapita njia hii. Baada ya mafuriko ya 1950 walichimba mfereji wa kilomita 47, kuanzia 1962 hadi 1968, kwa dola milioni 63 za Kanada. Waliubeza kwa jina la waziri mkuu wa jimbo, Duff Roblin: handaki la Duff. Mwaka 1997 uliuokoa mji, na kejeli ikageuka sifa. Lakini wakazi wa kusini ya milango walilalamika kwamba maji yao yaliongezwa na mkono wa mtu, na sheria ya kuwafidia ikatungwa mwaka 2004 tu.

Kwa hiyo kihandisi, nauona mji una haki. Kwenye malipo, niko na wakulima. Mkulima analipwa mara moja kwa haki ya kumwagiwa maji miaka yote ijayo, wakati hasara yake haitokei mara moja. Maji yakikawia shambani hadi Mei, ngano na viazi sukari vya kutengenezea sukari kiwandani hupandwa kwa kuchelewa, na mavuno hupungua hata kama hakuna mmea uliozama. Mbaya zaidi ni milango ikishushwa kiangazi kwa sababu ya mvua, mazao yakiwa yamesimama: bima ya kawaida ya mazao haifidii mafuriko yaliyosababishwa na binadamu. Mamlaka ya mradi imeahidi mpango wake wa kuziba pengo hilo. Ningekuwa mkulima wa Richland, kifungu hicho ndicho ningemtaka wakili wangu anisomee mara mbili kabla sijatia sahihi.