Usiku Mtoto Aliponifungulia

Ilikuwa tarawehe ya kwanza ya Ramadhani, tunasoma juzuu ya kwanza ya Kurani, na mimi ndiye niliyesimama mbele. Imamu wa msikiti wetu, hapa Tanga, alikuwa amesafiri kwenda mazikoni. Kwa kuwa nimehifadhi Kurani tangu ujana, wazee wakanisukuma mihrabuni.

Nikafika aya ya 48 ya Suratul Baqara, ile inayotuamrisha tuiogope siku ambayo nafsi haitaifaa nafsi nyingine kwa lolote. Kila aliyehifadhi anaijua hatari yake. Mbele huko, aya ya 123, maneno yanarudi karibu yale yale, ila mpangilio umegeuka: ya kwanza inataja uombezi kabla ya fidia, ya pili inataja fidia kabla ya uombezi. Nikaisoma ya pili mahali pa ya kwanza.

Sauti nyembamba ikatoka nyuma yangu. Mtoto wa madrasa, wa miaka 12 hivi, akanifungulia, yaani akanisomea maneno sahihi ili nirudi. Nilimsikia vizuri, nikaendelea. Akanifungulia tena, safari hii kwa sauti zaidi. Masikio yakaniwaka moto. Badala ya kurudi nikaisahihishe aya, nikapiga takbira, nikaenda rukuu.

Tulipotoa salamu nikageuka, nikamwambia mbele ya safu nzima: "Mwanangu, usiwe na haraka ya kumfungulia imamu. Hakikisha kwanza." Akainamisha kichwa. "Naam, maalim." Wazee wakatikisa vichwa kuniunga mkono.

Kwenye dua baada ya witri, sala ya kufungia usiku, nililia, na watu wakalia nami.

Tukisema fulani ni mnyenyekevu, mara nyingi tunamaanisha kanzu yake imepauka, anaongea taratibu, na hakosi kusema "mimi fakiri kwa Mola wangu". Mtume (s.a.w.) aliulizwa jambo hili hili. Aliposema kuwa hataingia Peponi mwenye kiburi moyoni hata cha uzito wa chembe, mtu mmoja akasema: lakini mtu hupenda nguo yake iwe nzuri na viatu vyake viwe vizuri. Akajibiwa kuwa Mwenyezi Mungu ni Mzuri na anapenda uzuri. Kiburi ni kuikataa haki na kuwadharau watu. Hadithi hii ya Ibn Masud imo katika Sahih Muslim, na nimeisomesha mwenyewe zaidi ya mara moja. Usiku ule niliyafanya yote mawili ndani ya sala moja. Haki niliisikia nikaikataa, na aliyeileta nikamdharau kwa udogo wake. Kanzu yangu ilikuwa ya kawaida kabisa.

Kinachonitisha zaidi ni kwamba sala yenyewe imepangwa ili anayeongoza asahihishwe na walio nyuma yake. Imamu akisahau, wanaume husema Subhanallah na wanawake hupiga kofi. Tukafundishwa na sijida ya kusahau, kwa sababu kusahau kupo. Mtume mwenyewe aliwahi kutoa salamu baada ya rakaa mbili katika sala ya rakaa nne. Abubakar na Umar walikuwemo, na kwa haiba yake hawakuthubutu kumsemesha. Aliyeuliza ni sahaba aliyeitwa Dhul-Yadayn: sala imepunguzwa, au umesahau? Mtume akawauliza watu kama asemayo ni kweli, wakasema ni kweli. Akarudi, akakamilisha zilizobaki, akasujudu sijida mbili. Katika tukio jingine akawaambia masahaba kwamba yeye ni mtu kama wao, husahau kama wanavyosahau, na akisahau wamkumbushe. Yeye anayepokea wahyi anaomba kukumbushwa, nami najizuia kurudi aya moja.

Umar bin Khattab alisema: jihesabuni kabla hamjahesabiwa. Tunalipenda neno hili, tunalituma kwenye simu kila Ijumaa. Lakini kuhesabu ni kazi ya hesabu. Imamu Ghazali, mwanachuoni wa zamani, aliifananisha nafsi na mshirika wa biashara: asubuhi unapeana naye masharti, mchana unamwangalia asikuibie, jioni mnakaa kuhesabu faida na hasara. Aliyewahi kukaa dukani anaelewa. Jioni huandiki kwenye daftari kuwa leo nimeuza vitu, watu wamekopa. Unaandika sukari kilo ngapi, na fulani kachukua mchele anadaiwa kiasi gani. Usipoandika hivyo, mwisho wa mwezi duka limekwisha na hujui limekwendaje.

Toba zetu nyingi ni za jumla. Ya Rabbi nisamehe madhambi yangu yote, makubwa na madogo. Dua hiyo ni njema, wala sisemi iachwe. Nasema tu kwamba mimi niliiomba usiku ule kwa machozi, na yule mtoto hakuwemo ndani yake.

Nilipofika nyumbani, kabla ya daku, niliufungua msahafu. Nitasema ukweli: sikuwa natafuta haki, nilikuwa natafuta udhuru. Mtoto alikuwa sahihi neno kwa neno.

Huku pwani tulikuwa na mwalimu mzuri wa jambo hili. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate, aliyetunga utenzi wa Al-Inkishafi mwanzoni mwa karne ya 19, aliona majumba ya matajiri yamekuwa magofu. Angeweza kuwakaripia watu wa Pate, na wangestahili. Yeye akaugeukia moyo wake mwenyewe, akausemesha ubeti kwa ubeti. Sasa sikiliza mawaidha yetu, yangu yakiwemo: nyinyi vijana, nyinyi akina mama, nyinyi wafanyabiashara. Moyo wa msemaji hautajwi.

Kabla ya tarawehe ya pili nilimngoja mtoto mlangoni, pale panapovuliwa viatu. Nikamwambia, "Jana wewe ndiye uliyekuwa sahihi, mwanangu. Nisamehe." Akasema, "Hakuna neno, maalim," akakimbilia birikani kutawadha. Nikashusha pumzi. Kwa siku kadhaa nilijiona nimeshalipa.

Kisha usiku mmoja nikihesabu tena, nikaliona lililobaki. Nilimkemea mbele ya safu nzima, nikamwomba radhi mlangoni pasipo na mtu. Wale wazee mpaka leo wanaamini ni mtoto aliyekosea. Na yeye, tangu siku ile, husali safu ya nyuma.

Imamu amesharudi. Nimemwomba anipe dakika mbili Ijumaa hii baada ya sala, kabla watu hawajanyanyuka.