Usikanyage, Mjomba

Ukiwa na gari la BMW, aina ya E46, la gia za mkono, na klachi inashika kwa kuchelewa kana kwamba mguu umetuma barua nayo bado iko njiani, usiulaumu mguu. Kwenye paipu ya mafuta inayokwenda klachi ya chini (ile silinda ndogo inayoisukuma klachi ukikanyaga pedali), ubavu wa kushoto wa gia boksi, kiwandani walitia vali ndogo yenye tundu jembamba. Ukiachia pedali, mafuta hurudi kwa kupenya hapo kidogo kidogo, kwa hiyo hata dereva anayeachia klachi kama aliyekanyaga kaa la moto, gari lake huondoka kistaarabu. Anayetaka kubadili gia upesi ndiye anayeumia: ameshakanyaga akselereta, na sahani ya klachi bado inateleza.

Yangu ni 318i ya 2003, iliyoshuka Mombasa kutoka Uingereza. Ijumaa moja baada ya sala nikaamua kuitoboa hiyo vali. Mjomba alikuwa amekuja kula pilau. Akajitolea kukaa kwenye usukani, na kanzu yake nyeupe, ili kazi itakapofika kwenye pedali awe tayari. Mimi nikaona hiyo ni baraka.

Kufungua si taabu. Mbele ya gari iko juu ya stendi mbili, na chini ya kila stendi kipande cha ubao, maana uani kwetu ni mchanga mtupu. Klachi ya chini imeshikwa na nati mbili za 13. Nati ya paipu ni ya 11, na hapo spana ya kawaida iache kwenye sanduku. Hewa ya chumvi imeshazila pembe za nati. Spana ya kawaida itazimaliza, ubaki na duara. Tumia spana ya paipu, ile ambayo mdomo wake umekaribia kufunga, na spana nyingine ishike vali isizunguke nayo.

Nikaitoboa kwa drili, biti ndogo kwanza, halafu kubwa kidogo, mpaka nikitazama upande mmoja naliona jua upande wa pili. Chembe za chuma ndizo adui: moja tu ikiingia kwenye silinda, inachana sili. Ioshe kwa dawa ya kusafishia breki na uipulize kwa upepo. Petroli hapana, oili ya injini hapana kabisa. Raba za mfumo huu zikionja oili huvimba kama mahamri ndani ya chai.

Kisha ikaja kutoa upepo ulioingia kwenye mafuta. Mafuta yenyewe ni ya breki, DOT 4, na nusu lita inatosha ikiwa hutamwaga. (Nilimwaga.) Kikopo cha mafuta ni kimoja na cha breki, ila mpira wa klachi unatoka juu ubavuni, kwa hiyo mafuta yakishuka kidogo tu klachi hunyonya upepo huku breki zikiwa salama. Kijaze mpaka karibu na alama ya juu, na ukitazame kila mara.

Kukanyaga na kufungua nipo (kile kichuchu cha kutolea upepo), kanyaga na kufungua, kama tunavyofanya kwenye breki, kwa gari hili mara nyingi huacha upepo umejificha mule ndani. Dawa yake ni kuiacha klachi ya chini ikining'inia nje, nipo ikiwa juu. Fungua nipo, sukuma kijiti chake ndani polepole mpaka mwisho, funga nipo, ndipo uachie. Rudia mpaka mafuta yatoke bila povu. Muda wote huo pedali ni haramu. Kinachokizuia kijiti kisitoke ni uma wa klachi ulio ndani ya gia boksi, na sasa hakiko kwenye uma. Kiko mkononi mwako, kinakutazama usoni.

Nililijua hilo vizuri sana. Ndiyo maana nikapaza sauti kutoka chini ya gari, kwa adabu zote, "Mjomba, tafadhali usikanyage!"

Wakati huohuo tuktuk ikapiga honi langoni. Ikameza "tafadhali usi". Mjomba akasikia "kanyage", akasema moyoni, kijana huyu ana heshima, hata amri anaitoa kwa upole. Angekuwa mtoto wa jirani ningemwambia "Wacha!" na mambo yangeishia hapo.

Akakanyaga. Raba ya vumbi inayofunika kijiti ikatuna. Kwa kuwa ni mtu wa kutimiza kazi, akakanyaga mara ya pili. Kijiti, pistoni na springi vikatoka kwa pamoja, vikanigonga kipaji, vikatumbukia mchangani, na mafuta yote yakanifuata usoni.

Juu kule nikasikia sauti ya furaha: "Mashaallah! Imekuwa nyepesi, inashuka yenyewe! Umeiweza!"

Nilitoka kwa kutambaa, macho nimeyafumba, nikaenda bombani na kuyaosha robo saa nzima. Mjomba naye, aliposikia mafuta yamepungua, akachukua chupa akajaza mwenyewe, na yaliyobaki akayamimina juu ya fenda. Mafuta haya hubambua rangi. Bahati yetu huyeyuka kwenye maji, nikamwaga ndoo mbili hapohapo. Palibaki doa moja la ukubwa wa sahani ya kikombe.

Pistoni iliyolala mchangani hairudishwi. Itakwaruza silinda, na baada ya wiki utaiona inavuja. Jumatatu nikanunua klachi ya chini mpya, nikaitoa upepo peke yangu, lango nimelifunga, nikahakikisha ncha ya kijiti imekaa kwenye kikombe cha uma kabla ya kukaza zile nati mbili. Gari sasa linashika papo hapo, gia ya pili inaingia na kuvuta bila kungoja.

Nikampa Mjomba ajaribu. Yeye huachia klachi haraka, kwa desturi ya miaka. Likaruka, likazima. Likaruka tena, likazima, kofia yake ikaangukia kwenye dashibodi. Akazima swichi, akanigeukia.

"Mwanangu," akasema, "ile ya Ijumaa ilikuwa nzuri zaidi."