Kantri ya Zamani Haikuwa na Malaika

Kila tuzo za CMA, chama cha muziki wa kantri cha Marekani, zikitolewa kule Nashville, sisi mashabiki wa kantri hapa Kenya huanza malalamiko yaleyale: siku hizi hakuna muziki, muziki ulikwisha na Jim Reeves, Kenny Rogers na Don Williams. Mimi pia nimelelewa na sauti hizo redioni. Ila mkisema wa leo hawajui kuimba, hapo tunaachana.

Kwanza, ugomvi huu ni mkongwe. Mwaka 1974 tuzo ya mwimbaji bora wa kike ilimwendea Olivia Newton-John, mwanamke wa pop aliyekulia Australia, na Nashville ikachafuka. Wasanii wenye hasira wakakutana nyumbani kwa George Jones na Tammy Wynette, wakaunda chama chao. Mwaka uliofuata Charlie Rich, aliyekuwa anakabidhi taji la mtumbuizaji bora, alifungua bahasha, akakuta jina la John Denver, akatoa kiberiti cha gesi na kuichoma karatasi ile mbele ya kamera. Mpaka leo watu wanabishana: ulikuwa utani, pombe au dharau? Na Denver huyohuyo, ukimtaja leo kwenye baa ya Nairobi kuwa si kantri, utatafuta pa kukaa.

Kwa hiyo sauti si hoja. Chris Stapleton, aliyebeba tuzo 3 mwaka 2015 wakati wengi hawakumjua hata kwa sura, angesimama na mkongwe yeyote.

Ninachokikosa ni ujeuri. Mwaka 1999 waandaaji walimtaka George Jones, mzee wa miaka 68, aimbe wimbo wake "Choices" kwa kifupi ili muda utoshe. Akakataa, akabaki kwake. Mwimbaji mwenzake Alan Jackson akapanda jukwaani na wimbo wake, "Pop a Top", akafika katikati, akaukatiza, akaanza kuimba "Choices" ya mzee wake. Alipomaliza akashuka, huyo, akaenda zake. Hakuhutubia mtu. Ukumbi mzima ulisimama.

Sasa njoo mwaka 2024. Tuzo hizi zilizompa Charley Pride, mtu mweusi wa Mississippi, taji kuu mwaka 1971, hazikuiteua albamu ya "Cowboy Carter" ya Beyoncé hata kwenye kipengele kimoja. Miezi michache baadaye Grammy wakaipa albamu bora ya mwaka. Usiipende, ni haki yako; mimi mwenyewe kuna nyimbo ndani yake ninazoziruka. Lakini patupu kabisa? Usiku ule wa CMA nilitamani nyota mmoja tu akatize wimbo wake kama Jackson. Taji kubwa lilimwendea Morgan Wallen, naye hata ukumbini hakuwepo.