Wi-Fi ya mkahawani: anayebana mtandao si yule anayelaumiwa

Mikahawa ya Dar es Salaam na Nairobi imegawanyika. Kuna inayobandika nywila ukutani na kumwacha mteja akae atakavyo, kuna inayochapa namba ya kuingilia kwenye risiti ambayo baada ya saa mbili inakata, na kuna iliyozima kabisa soketi za ukutani. Malalamiko ya wenye mikahawa yanajulikana: mtu ananunua kahawa moja asubuhi, anafungua laptopu, na saa nane mchana bado yupo. Wanaofanya kazi humo nao wana hoja. Nyumbani umeme unakatika, bando la simu halihimili mikutano ya video, na ofisi hawana. Katikati wapo vijana wa gemu, ambao pande zote mbili huwatupia lawama.

Tuanze na gharama, maana hapo ndipo mabishano mengi yanapopotoka. Chaja ya laptopu ya wati 65 ikivuta kwa nguvu zote saa nne nzima inakula uniti 0.26. Kwa LUKU, umeme wa kulipia kabla wa Tanzania, wa takribani shilingi 356 kwa uniti, kodi na tozo zikiwemo, hiyo haifiki shilingi 100. Intaneti nayo mara nyingi hulipwa kwa mwezi, awepo mtu asiwepo. Kinacholiwa ni kiti. Saa nne asubuhi kiti kitupu hakimwingizii mwenye duka chochote, na mtu aliyekaa pale hata anausaidia mkahawa usionekane umekufa. Saa saba mchana, watu wakisubiri meza ya chakula, mtu mmoja aliyetandaza laptopu kwenye meza ya wanne anazuia sahani tatu au nne. Kwa hiyo kuzima soketi siku nzima ni kuwafukuza wateja wa asubuhi kwa kosa la mchana.

Starbucks, kampuni ya mikahawa ya Marekani, imepita njia hii mbele ya macho ya dunia nzima. Julai 2010 iliifanya Wi-Fi kuwa bure bila kikomo katika maduka yake ya Marekani. Mwaka 2018, baada ya wanaume wawili weusi kukamatwa Philadelphia walipokuwa wamekaa dukani wakimsubiri mwenzao kabla ya kununua chochote, kampuni iliruhusu mtu yeyote kukaa hata asiponunua. Januari 2025 ikarudi nyuma: Amerika Kaskazini, anayetaka kukaa anunue. Agosti mwaka huohuo, Starbucks ya Korea Kusini ilikataza kompyuta za mezani na printa, lakini laptopu ikaziacha. Nadhani Wakorea walilenga mahali sahihi, yaani nafasi ambayo mtu anaichukua, siyo kazi anayoifanya. Na kisa cha Philadelphia kinaonya kwamba kanuni ya kiti ikiachwa mikononi mwa mhudumu aamue nani anafaa kuambiwa aondoke, atakayeonewa ni yule asiyefanana na wateja waliozoeleka. Iandikwe, na iwe ya wote.

Sasa mtandao wenyewe. Anayelaumiwa sana ni mcheza gemu, na kwa sehemu kubwa anaonewa. Mechi ya mtandaoni kwenye simu hutumia data kidogo, kwa kawaida chini ya Mbps 1 (megabiti kwa sekunde, kipimo cha kasi). Inachohitaji ni pingi ya chini, yaani muda mfupi wa data kwenda na kurudi. Mkutano wa Zoom wa picha nzuri unataka kama Mbps 1.2 kwenda na kiasi hichohicho kurudi. Anayebana wote wawili ni simu iliyolala mezani bila kuguswa. Simu nyingi zimepangwa kupandisha picha na video zikiona Wi-Fi tu, hivyo mteja akiingiza nywila, video za harusi ya Jumamosi zinaanza kwenda Google Photos au iCloud bila yeye kujua. Simu kumi zikifanya hivyo kwa pamoja, njia ya kupandisha inajaa, na kwenye rauta za 4G njia hiyo ndiyo nyembamba zaidi. Rauta inaanza kupanga data kwenye foleni, sauti ya Zoom inakatikakatika, na gemu linaganda. Mhudumu akipima kasi ya kupakua anaona Mbps 20, anasema mtandao uko vizuri.

Kujua tatizo liko wapi ni kazi ya dakika mbili. Kwenye laptopu ya Windows fungua madirisha mawili ya amri (Command Prompt). Kwenye la kwanza andika ping -t na anwani ya rauta (mara nyingi 192.168.1.1, au 192.168.88.1 kwa rauta za MikroTik), kwenye la pili ping -t 8.8.8.8, ambayo ni seva ya Google huko nje. Rauta ikijibu kwa milisekunde 2 hadi 5 huku ya pili ikiruka kutoka 30 hadi 500, foleni iko kwenye laini ya kwenda nje. Rauta yenyewe ikijibu kwa kuchelewa, tatizo ni hewa ya ndani, yaani mawimbi ya Wi-Fi humo ukumbini.

Dawa ya foleni ni kuwasha CAKE au fq_codel, mbinu za kupanga foleni ili kila mtu apate zamu yake, zilizomo kwenye RouterOS 7 (programu ya rauta za MikroTik) na OpenWrt (programu huria ya rauta), na kuweka kikomo cha asilimia 85 hadi 90 ya kasi halisi uliyoipima, kupanda na kushuka. Laini ya Mbps 20 iwekewe 17 au 18, ili foleni ibaki mikononi mwa rauta yako, ambayo sasa inajua kugawa. Mafundi wengi hukimbilia kumpa kila mteja Mbps 2. Inasaidia mkahawa ukijaa, lakini asubuhi wakiwa watatu, Mbps 14 zinalala bure na bado wanalalamika.

Tatizo la hewa mara nyingi ni mahali rauta ilipo. Imewekwa chini ya kaunta, kati ya mashine ya kahawa ya chuma na maikrowevu, na maikrowevu huvuruga masafa ya GHz 2.4 kila inapowashwa. Ipandishwe ukutani karibu na dari, upande wa viti. Wenye vifaa vipya watumie GHz 5, kwa 2.4 chagua chaneli 1, 6 au 11 yenye msongamano mdogo, upana wa chaneli MHz 20. Simu iliyo kona ya mbali ikizungumza kwa Mbps 6 inashika hewa karibu mara tisa ya iliyo jirani yenye Mbps 54 kwa data ileile, kwa hiyo ukumbi mrefu unahitaji kifaa cha pili cha kurusha Wi-Fi kilichounganishwa kwa waya.

Kuna pia kosa linalojitokeza alasiri tu: simu inabaki kwenye “inapata anwani ya IP”. Rauta imepewa anwani 100 za kugawia simu na laptopu zinazoingia, kila moja inashikiliwa saa 24, na wateja wa asubuhi wameondoka nazo. Punguza muda huo uwe saa moja. Mashine ya kadi na printa ya jikoni zitengewe mtandao wao, na simu na laptopu za wateja zifungiwe zisionane kwenye mtandao.

Namba ya kwenye risiti naikubali kuliko ukurasa unaodai namba ya simu, kwa sababu anayekusanya namba anabeba wajibu wa Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 au ile ya Taarifa Binafsi ya Tanzania ya 2022, na mikahawa michache imejiandaa kwa hilo. Ila isikate ghafla katikati ya mkutano. Mteja aweze kununua chai na kuongezewa papo hapo.

Mcheza gemu mwenye vipokea sauti hamsumbui mtu. Anayesumbua ni anayepakua gemu jipya la gigabaiti 40, na anayeongea na bosi wake kwa spika meza ya katikati. Huyu wa pili hakuna rauta itakayomtuliza; mhudumu amwombe atoke barazani. Na mkahawa wa viti vinane una haki kamili ya kukataza laptopu saa sita hadi saa nane mchana, mradi tangazo liwe mlangoni, mteja alisome kabla hajalipia kahawa.